Jibu Lile Lile Mara Mbili: Ushuhuda, Sonona na Mimbari ya Nyanda za Juu Kusini

Makala haya yanahusu ushuhuda. Hatukusudii kuujadili ushuhuda kama fundisho la imani, bali kama utanzu wa lugha, yaani yale maneno anayosimama nayo Mkristo mbele ya usharika ili aeleze alivyokuwa na alivyo sasa. Utanzu huo una kanuni zake, kama zilivyo kanuni za utenzi au za hotuba ya arusi, na mtu aliyekulia katika sharika za Iringa, Njombe au Rungwe anazijua hata kama hakuna aliyemfundisha. Tunataka kuuhakiki kwa swali moja: je, unamfaa mtu aliyeugua sonona, ambaye amepona au yumo katika kupona, na ambaye sasa angependa kuwafundisha wengine habari za ugonjwa huo?

Swali hili si la darasani tu. Elimu ya afya ya akili imeanza kutafuta mlango wa kuingilia kanisani, na mlango ulio wazi kuliko yote ni huo wa ushuhuda. Mchungaji akitaka usharika wake uelewe sonona, jambo la kwanza analofikiri ni kumtafuta mtu aliyepitia, amsimamishe, aseme. Wazo ni jema. Lakini chombo tunachompa mtu huyo asemee kinaweza kumjeruhi.

Tuanze na jina la ugonjwa. Neno sonona, ambalo wataalamu wa afya wamelikubali, ni la ukoo mmoja na kusononeka, kuumwa moyoni. Ni neno zuri, ila halijafika sokoni. Pale Mwanjelwa mjini Mbeya, au Ipogolo mjini Iringa, mgonjwa hatasema ana sonona. Atasema ana mawazo; kichwa kinamwuma; halali; mwili hauna nguvu; hata chai haina ladha. Wataalamu wanapozungumza juu ya sonona wanamaanisha hali inayodumu wiki mbili au zaidi, ambamo mtu ana huzuni karibu muda wote, au amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, na pamoja na hayo usingizi na chakula vinaharibika, anajiona hafai, na pengine anawaza kifo. Jirani akisema “ana mawazo”, hajakosea sana. Aghalabu neno hilo la sokoni linamfaa mchungaji kuliko lile la kitaalamu, kwa sababu ndilo atakalolisikia mlangoni pake.

Sasa utanzu wenyewe. Ushuhuda kama tunavyoujua umepokea sura yake kwa sehemu kubwa kutoka kwa uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Tusiudharau. Uliwapa sauti watu ambao mimbari haikuwapa: wanawake, vijana, wakulima wasiojua kusoma. Muundo wake ni wa hatua tatu. Nilikuwa hivi, Bwana akanigusa, sasa niko hivi. Msikilizaji anaingoja hatua ya tatu, na ikichelewa, wimbo unaanzishwa ili kumsaidia msemaji afike. Ndiyo maana tunasema kwamba neno lisilo na nafasi katika utanzu huu ni neno “bado”. Anayesema “bado” hajamaliza, na asiyemaliza hajashuhudia.

Kwa dhambi iliyosamehewa muundo huu ni halali kabisa. Mwenye haki kwa imani amehesabiwa haki, hangoji miezi sita. Sonona haiendi hivyo. Dawa zake, kama vile amitriptilini na fluoxetini, huhitaji wiki kadhaa kabla mgonjwa hajaona nafuu, na mara nyingi madhara madogo kama kinywa kukauka au usingizi mzito hutangulia faida. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo vya afya visivyo na mabingwa, uliotolewa mwaka 2010, uliagiza dawa ziendelee kwa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kwisha. Na takriban nusu ya waliopona mara ya kwanza huugua tena siku za mbele. Huu ni ugonjwa ambao sehemu yake ya kati ni ndefu kuliko mwanzo wake na mwisho wake vikiunganishwa.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa shule ya msingi. Aliugua, akatibiwa, akaombewa, na mwezi wa tatu anasimama kanisani na kusema amefunguliwa. Usharika unashangilia. Mwezi wa nane anaanza tena kuamka saa tisa za usiku, na ugali unamshinda. Aende kwa nani? Akienda kwa mchungaji, ushuhuda wake umekuwa uongo. Akienda hospitali, amemwonea haya Bwana aliyemtangaza. Basi ananyamaza, anafundisha, anaimba kwayani. Hatari yake mwezi wa nane ni kubwa kuliko ilivyokuwa mwanzo, maana mwanzo hakuwa na la kuficha. Ushuhuda ule ulijengwa kana kwamba kupona ni siku, ilhali kupona kwake ni msimu. Ndipo ulipomfungia mlango, ingawa shukrani yake kwa Mungu ilikuwa ya haki.

Mtu anaweza kutuambia kwamba fasihi ya Kiswahili imekwisha kutupa lugha nyingine. Ni kweli kwa nusu. Riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974, ilithubutu kumweka msomaji ndani ya kichwa cha Kazimoto, msomi anayepoteza maana ya maisha hatua kwa hatua, na ikafanya hivyo bila kumcheka wala kumhubiria. Hatujui riwaya nyingine ya Kiswahili ya miaka ile iliyoisikiliza nafsi iliyochoka kwa uvumilivu kama huo, na tungependa kila mwanafunzi wa uchungaji aisome. Lakini Kazimoto anaishia kujiua. Riwaya inaijua njia ya kushuka. Ya kupanda haina habari nayo. Kwa hiyo msomaji wetu wa Nyanda za Juu ameachiwa miisho miwili: ule wa kanisani, ambapo kila kitu kimekwisha kwa ushindi, na ule wa riwaya, ambapo kila kitu kimekwisha kwa kifo. Katikati hapana kitu, na katikati ndipo wagonjwa wengi wanapoishi.

Hata hivyo sharika za kusini zimewahi kujifunza lugha ya katikati, na si zamani. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2007–08 mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulikuwa bado haujagawanywa kumpata Njombe, ndio ulioongoza Tanzania Bara kwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI, na Mbeya haikuwa mbali. Wengi wetu tunaikumbuka mimbari ya miaka ya kwanza ya janga hilo, ilivyotaja dhambi kabla ya kumtaja mgonjwa. Kisha, tangu mwaka 2004, dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure nchini, na kukatokea watu waliosimama kanisani na kusema neno ambalo utanzu wa zamani usingelipokea: “Ninaishi na virusi.” Si nilikuwa, wala si nimeponywa. Ninaishi. Walieleza saa wanazomeza dawa, tarehe ya kwenda kliniki, nani huwakumbusha. Huo ulikuwa ushuhuda kamili wenye “bado” ndani yake, na usharika uliupokea.

Tunasema uliupokea, ingawa si moja kwa moja. Mwaka 2011, habari za kikombe cha mchungaji mstaafu wa Kilutheri kijijini Samunge, Loliondo, zilipoenea, maelfu walisafiri kutoka kila kona ya nchi, na wapo walioacha dawa zao kwa sababu hatimaye walikuwa wamepata hatua ya tatu. Njaa ya mwisho usio na “bado” ni kubwa mno. Anayefundisha afya ya akili kanisani asidhani ataishinda kwa vipeperushi.

Hapa tungependa kurudi nyuma zaidi, hadi Rungwe ya miaka ya 1930. Monica Wilson, mwanaanthropolojia na mtoto wa wamisionari, alifanya utafiti huko pamoja na mumewe Godfrey, na katika kitabu chake cha 1957 juu ya matambiko ya ukoo kwa Wanyakyusa aliandika jambo ambalo wanateolojia wamelipita haraka. Wenyeji aliowahoji walimwambia kwamba matambiko ya msiba yakiachwa, mfiwa atashikwa na wazimu. Hawakuyaeleza matambiko yale kama heshima kwa marehemu tu. Waliyaeleza kama kinga ya akili ya aliyebaki. Mfiwa alipitishwa, pamoja na ndugu zake, katika vipindi vilivyopangwa: kwanza kumwondoa marehemu asiisumbue nafsi, kisha kumrudisha nyumbani kama mzee wa ukoo. Tendo la kila kipindi lilijulikana, na mfiwa hakuachwa peke yake katikati.

Hatusemi turudishe matambiko. Makanisa ya misheni yaliwataka Wakristo wajitenge nayo kwa sababu zilizokuwa na uzito, na baadhi ya sababu hizo zingali na uzito. Tunachouliza ni kama kilichotolewa kilijazwa. Mazishi yetu ya Kikristo ni mafupi na yana tumaini. Siku chache baada ya kaburi turubai linashushwa, vyombo vinarudishwa, na mjane anaambiwa ajipe moyo. Wazee wa Rungwe walijua kwamba akili ya mfiwa inahitaji muda na watu. Sisi tuna liturugia ya siku ya mazishi, lakini ya wiki ya sita hatuna.

Maandiko yanayohubiriwa mara nyingi juu ya jambo hili ni 1 Wafalme 19, na ndiyo yanayohubiriwa vibaya. Mahubiri ya kawaida huenda hivi: Eliya alikata tamaa chini ya mretemu, Mungu akamtokea Horebu kwa sauti ndogo ya utulivu, Eliya akainuka akiwa mpya. Hatua tatu zile zile. Sura yenyewe haisemi hivyo. Kwanza, malaika hamkemei Eliya aliyeomba afe. Anamgusa, anampa mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji, na kumwacha alale tena. Kisha anakuja mara ya pili na kufanya vile vile. Usingizi na chakula vinatangulia neno lolote la mafundisho. Muuguzi yeyote wa wodi ya akili angeukubali utaratibu huo.

Pili, na hili ndilo tunalolisisitiza, angalia aya ya 10 na aya ya 14. Kabla ya upepo, tetemeko na moto, Mungu anamwuliza Eliya anafanya nini pale, naye anajibu kwa malalamiko: amebaki peke yake, nao wanatafuta roho yake. Upepo unapita, tetemeko linapita, moto unapita, sauti ya utulivu inakuja. Swali linarudiwa. Na jibu la Eliya ni lile lile, karibu neno kwa neno. Wafasiri wengine wamelisumbukia wakidhani mwandishi alinakili mara mbili. Sisi tunaona mwandishi alijua alichofanya. Mtu amekutana na Mungu mlimani, na bado anasema alivyokuwa akisema pangoni. Mungu hamwambii arudie jibu mpaka lipendeze. Anampa kazi tatu, kuwatia mafuta Hazaeli, Yehu na Elisha, na kumjulisha kwamba kuna elfu saba asiowajua. Kazi inatolewa kwa mtu ambaye maneno yake bado ni ya ugonjwa.

Kwa elimu ya afya ya akili maana yake ni hii: hatuna haja ya kumngoja mtu apone kabisa ndipo tumruhusu kusaidia. Nchini Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda na wenzake waliwafunza akina bibi wa mitaani Harare kuketi na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, na kuongea nao kwa zamu zilizopangwa juu ya tatizo moja linaloweza kushughulikiwa. Waliutumia msemo wa Kishona unaomaanisha kuwaza kupita kiasi, jamaa wa karibu wa “mawazo” yetu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lenye watu 573, baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7 kati ya walioketi na akina bibi, na asilimia 49.9 kati ya waliopata huduma ya kawaida. Akina bibi hao hawakuwa mabingwa. Na waliosaidiwa walialikwa baadaye katika vikundi vya kusaidiana, wakifuma mikoba na kuzungumza. Tukilinganisha na vikundi vya akina mama katika mitaa yetu, hakuna kilichopungua ila mafunzo na ruhusa.

Luther naye aliijua sehemu ya kati. Mwezi Julai 1527 alishikwa na dhiki ya roho na mwili hata akamwita Bugenhagen amsikie maungamo, na haikumwachia upesi. Miaka mitatu baadaye, akiwa Coburg, alimwandikia Jerome Weller, kijana aliyekuwa akiwafundisha watoto wake na aliyeteswa na huzuni. Ushauri wake ni wa mtu anayekumbuka: usikae peke yako, tafuta watu, cheza, fanya mzaha, na hata kunywa zaidi kidogo ili kumkomoa Ibilisi. Kipengele hicho cha mwisho wanafunzi wetu wasikihamishie Iringa, penye ulanzi wa mianzi unaogemwa bila kulipiwa hata sabuni. Pombe huizidisha sonona, na mengi tunayoyaita ulevi vijijini ni sonona iliyojitafutia dawa. Lakini sehemu nyingine ya barua ile ingefaa kubandikwa katika kila ofisi ya usharika.

Luther huyo huyo, katika mazungumzo ya mezani ya mwaka 1532, alikataa kusema kwamba wote waliojiua wamehukumiwa. Aliwalinganisha na mtu aliyeuawa na mnyang'anyi msituni. Jambo hili linagusa Iringa kwa namna ya pekee. Kifo maarufu kuliko vyote katika historia ya mkoa huo ni cha Mkwawa, aliyejiua Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 asikamatwe na Wajerumani, naye anatajwa kwa fahari shuleni. Mkulima anayekufa hivyo kwa sababu ya ugonjwa huzikwa kimya, pengine bila mchungaji. Na aliyejaribu akaokolewa anaogopa mkono wa sheria, maana Kanuni ya Adhabu katika kifungu cha 217 imelihesabu jaribio hilo kuwa kosa. Usharika unaotaka kufundisha afya ya akili huku unamnyima mgonjwa wa namna hiyo mazishi umekwisha kufundisha, na wasikilizaji wamekwisha kuelewa.

Kanisa letu si geni katika kazi hii. Lutindi, milimani Usambara, Walutheri wamewatunza wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na kazi za mikono zimekuwa sehemu ya tiba huko. Kusini tuna Ilembula, Ilula, Itete na Matema, hospitali ambazo mchungaji anaweza kumpeleka mtu au kumpigia simu muuguzi. Kinachotakiwa kwanza ni kubadili ombi letu kwa mtu aliyepitia. Tusimwombe aje kutushuhudia alivyoponywa. Tumwombe aje kutueleza anavyoishi: nini kilimsaidia wiki ya pili, nani alimkera kwa maneno mema, dalili gani humwonya kwamba inarudi, na amepatana na nani amwambie siku hiyo. Tumruhusu aseme “bado”, wala asianzishiwe wimbo.

Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba huko Asia walilemewa hata wakakata tamaa ya kuishi, na katika aya hizo hizo alisema kuwa faraja waliyopokea ni kwa ajili ya kuwafariji wengine. Hakutaja ugonjwa wala mateso yalikuwa nini, na hakudai kwamba hayatarudi.

Kuhusu Eliya tumebakiwa na jambo moja dogo, ambalo tungependa walimu wa mahubiri walitolee zoezi. Kati ya watu watatu aliotumwa kwao, Hazaeli alitajwa kwanza, Yehu wa pili, na Elisha wa mwisho. Hazaeli na Yehu wakaja kushughulikiwa miaka ya baadaye, kupitia huduma ya Elisha. Eliya, alipotoka Horebu na jibu lake lile lile, alianza na yule wa tatu: alimkuta shambani akilima na jozi kumi na mbili za ng'ombe, akapita karibu naye, akamtupia vazi lake.